Nilishuhudia Taa ya Leza Kanisani, Sasa Nangila Amezikwa

Mpendwa Shangazi Lenah,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ikiwezekana, na kama barua hii imejaa makosa unisamehe, kwa sababu ninaiandika kwa simu nikitumia kidole kimoja tu cha mkono wa kushoto ambacho bado kinanyooka, nilianza juzi Jumapili na leo ni Jumanne, na kila nikisikia mlango ukifunguliwa naificha simu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, naishi Misikhu, na kazi yangu ilikuwa kushona nguo, hasa sare za shule. Mwaka wa pili wa ndoa yetu, mimi na mume wangu Sifuna, vidole vyangu vilianza kuvimba kila asubuhi, nikawa siwezi kuingiza uzi kwenye sindano mpaka saa tano, mama mkwe akasema ni maji baridi ya kisima, wengine wakasema ni fundi mwenzangu ameniwekea kitu, lakini hospitali moja mjini Bungoma walinipima damu wakaniambia ni baridi yabisi, ile inayokula viungo vya mtu akiwa bado kijana. Wakanipa tembe za kumeza mara moja kwa wiki, kila Ijumaa, na daktari akaniambia, "Mama, ukiwa unatumia hizi usishike mimba. Siku ukitaka mtoto, rudi hapa tuongee kwanza."

Shangazi, dawa zilifanya kazi, sitadanganya. Miezi mitatu baadaye nilikuwa nimerudi kwenye cherehani. Lakini miaka ilipita bila mtoto, na mimi sikurudi kuongea na daktari, kwa sababu foleni ni ndefu na pia niliogopa ataniambia nichague kati ya mikono na mtoto, na nyumbani mama mkwe alikuwa ameacha kuuliza, alikuwa anakuja tu, anatazama kamba ya nguo kama kuna nepi, halafu anaenda zake.

Sifuna si mtu mbaya. Wakati huo alikuwa akinunua mahindi kwenye soko la Kwanza na kuyapeleka Kitale kwa pikapu ya mtu, na siku moja akarudi na karatasi yenye picha ya goti linalowaka nyekundu, akakaa karibu nami akasema, "Sikia, nimepata. Kuna daktari Kitale anatibu viungo na taa. Hakuna dawa, hakuna sindano. Ukiacha zile tembe tunapata mtoto, na mikono inabaki." Nilimwona machozi yakimlengalenga na mimi nikalia, tukakubaliana hapo hapo.

Kliniki yenyewe iko ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, inaitwa Mwanga wa Viungo, na mwenyewe anaitwa Gicheru, watu wote wanamwita daktari na mimi nikamwita hivyo. Alinivalisha miwani nyeusi, akachukua kitu kama tochi nene yenye waya, akawa anaiweka kwenye kila kiungo cha kidole, dakika moja moja, na nikiinamisha miwani kidogo niliona kidole chote kimekuwa chekundu kama kaa la moto lakini hakichomi, ni uvuguvugu tu. Akaniambia, "Hii ni leza. Inaingia mpaka mfupani, inaamsha chembe zilizolala. Zile tembe zako zinalaza ugonjwa, halafu zinaua uzazi. Chagua moja, mama. Huwezi kuchanganya." Ijumaa hiyo sikumeza dawa, na Ijumaa iliyofuata sikumeza.

Mwezi wa pili wa vikao viungo viliuma kiasi, nikaambiwa ndio ugonjwa unatoka. Mwezi wa nne nikakosa siku zangu. Na ajabu ni kwamba tumbo lilipoanza kuonekana mikono ikawa laini kuliko wakati wowote tangu niugue, nilikanda chapati, nilifungua chupa ya soda bila kuomba mtu, na pete ya ndoa iliyokuwa imekaa kabatini miaka mitatu ikaingia kidoleni yenyewe bila sabuni. Nani angeniambia si taa?

Basi Jumapili moja nikasimama kanisani wakati wa ushuhuda. Nikainua mikono yote miwili, nikafumba na kufumbua vidole mbele ya watu, nikasema, "Hii mikono ilikuwa mawe. Nilitupa dawa, nikaenda kwenye mwanga, na leo nimebeba mtoto. Wewe unayemeza vidonge kila siku, unangoja nini?" Kanisa lilisimama lote, watu wakapiga vigelegele. Sifuna alinirekodi kwa simu. Wiki hiyo hiyo Gicheru akaomba ile sauti, akaiweka kwenye spika juu ya pikapu ya kliniki, akamwandika Sifuna kazi ya kuiendesha, na tangu wakati huo sauti yangu inazunguka Kitale, Kwanza, Webuye na Kimilili kila siku ya soko. Yale maneno ya mwisho, unangoja nini, hakuna mtu aliyenifundisha. Niliyatoa mwenyewe.

Mtoto wetu Wakoli alizaliwa mwezi wa nne mwaka huu, mzima kabisa. Wiki ya saba baada ya kujifungua niliamka vidole vimejikunja. Nilidhani nimevilalia. Mwisho wa wiki hiyo viganja vilikuwa vimevimba mpaka kwenye kifundo, na magoti pia, na Gicheru akasema niongeze vikao, "ugonjwa unapigana kabla ya kufa," kwa hiyo nikawa nakwenda Kitale mara tatu kwa wiki na mtoto mgongoni, nawekewa ile taa, narudi, na kesho yake asubuhi mikono iko vile vile au mbaya zaidi.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Siku moja nilikuwa naosha mtoto kwenye beseni na kifundo cha mkono kikaachia, kikaachia tu kama kamba iliyokatika, na maji yakamfunika uso. Nilijaribu kumshika na vidole havikushika. Nilimtoa kwa viwiko. Alikohoa, akalia, akanyonya, akalala. Tangu siku hiyo nikimuosha namwekea maji kidogo sana, kama ya kuosha kikombe, na mama mkwe akiuliza kwa nini mtoto ana ukurutu shingoni nasema ni joto.

Sasa nifike kwa Nangila. Nangila alikuwa mama wa miaka hamsini na minane, mjane, akiuza omena na maharagwe hapa Misikhu, na nilipoletwa hapa nikiwa bibi harusi nisiyemjua mtu, yeye ndiye aliyeniletea kitambaa cha kwanza nimshonee. Alikuwa na ugonjwa kama wangu kwa miaka kumi. Yeye dawa zake zilikuwa vidonge vidogo vyeupe vya kila asubuhi, na kwa ajili ya hivyo vidonge uso wake ulikuwa umefura mviringo, akijitania ati uso umenenepa ukaacha mwili nyuma.

Alikuja kwangu saa kumi jioni. Sifuna alikuwa ameketi anakunywa chai, mtoto amelala mapajani mwangu, na niliposikia sauti yake mlangoni nilivuta leso nikafunika mikono.

"Mulembe," akasalimu, akaketi. "Nimekuja nikuulize wewe mwenyewe. Ya spika nimesikia, sitaki ya spika. Ile taa ilikuponya kweli?"

Sifuna akacheka. "Mama Nangila, si huyu mtoto unamwona? Ama huyu tulimwokota?"

"Mtoto namwona," akasema, na hakumwangalia Sifuna, aliniangalia mimi. "Nauliza mikono."

Shangazi, mikono ilikuwa inaniuma wakati huo huo. Ilikuwa inapiga kama moyo. Nikamwambia, "Iko sawa, mama."

Akasema, "Basi na mimi nimechoka na hii sura." Akaondoka. Kesho yake akipita kwenda sokoni aliniita dirishani kwa furaha akaniambia ametupa vidonge vyote chooni ili asirudi nyuma, na Alhamisi anaenda Kitale kwa kikao cha kwanza.

Alienda hicho kimoja tu. Siku ya tano tangu atupe vidonge alianza kizunguzungu, akatapika, akawa hawezi kusimama, na binti yake Joan, ambaye ni mwalimu wa chekechea, alidhani ni malaria, akamnunulia dawa ya malaria. Siku ya tisa walimkimbiza hospitali Bungoma, na hakufika jioni. Watu walisema ni presha.

Matangani wanawake walinipa viazi nimenye. Nikasema mtoto analia. Mmoja akasema kwa sauti nisikie, "Huyu siku hizi ni mtu wa spika, atashika kisu cha nini?" Kisu chenyewe nisingeweza kukishika.

Wiki mbili baada ya mazishi Joan alikuja na kadi ya kliniki ya mama yake. Akaniambia, "Anti, daktari aliniuliza kama mama aliacha dawa ghafla. Nilimwambia hapana, mama ni mtu wa kufuata masharti. Lakini nimepekua nyumba yote, kile kikopo cha dawa hakipo. Wewe ndiye alikuwa anakutembelea. Alikuambia kitu?"

Nikamwambia, "Hapana, Joan. Hakuniambia kitu." Akanishukuru. Akambusu mtoto akaenda.

Na sasa Gicheru anafungua kambi Kapsokwony Jumamosi hii, anasema huko mlimani kuna baridi na wazee wengi wa magoti, na anataka nisimame mwenyewe juu ya pikapu niseme tena ushuhuda, nimwinue mtoto watu wamwone. Nilimwambia Sifuna siwezi kumshika. Aliniangalia mikono, nikadhani ameelewa, halafu akasema, "Nitamfunga kwa leso kifuani kwako. Hawatajua."

Shangazi, nikisema ukweli mume wangu atapoteza kazi na labda atafungwa, kanisa litanicheka, Joan atanichukia mpaka kufa, na mama mkwe atasema mjukuu wake amezaliwa kwa uongo. Nikinyamaza nitapanda juu ya ile pikapu. Nifanye nini? Na uniambie bila kunificha, mimi ndiye niliyemuua Nangila?

Ni mimi,
Mwenye Sauti, Misikhu



SHANGAZI LENAH ANAJIBU

Mwanangu,

Barua yako ilinifikia Jumatano, ukurasa huu hutoka Jumatatu, na Kapsokwony ilikuwa Jumamosi. Kungoja ukurasa kungekuwa upumbavu, kwa hiyo nilikupigia simu. Umeniruhusu niwaeleze wasomaji yaliyotokea tangu hapo, na majina yote nimeyabadilisha, likiwamo la ile kliniki.

Mara ya kwanza alipokea Sifuna. Nilijitambulisha. Akasema, "Mama, hayo ni mambo ya nyumba yangu. Kwani taa imeua nani?" Nikamwambia, "Nangila." Akasema, "Nangila alikufa na presha," akakata. Lakini sauti yake ilitetemeka, na nakuambia hilo makusudi ili ujue kwamba hata yeye anajua.

Jioni ulinipigia wewe, ukinong'ona. Nilikuuliza swali moja tu: ni nani katika nyumba hiyo anayeweza kumshika mtoto kesho asubuhi ukienda hospitali? Nikakwambia umwendee mama mkwe, umwonyeshe mikono, usimweleze kitu, umwonyeshe tu. Ulienda. Naye yule mama unayemwogopa alikutazama mikono akasema, "Nimekuona wiki ngapi ukifunga vifungo vya mtoto kwa meno. Nilidhani hutaki niingilie." Alhamisi mlienda Bungoma pamoja, yeye akiwa amembeba Wakoli.

Sasa nisikilize, kwa sababu hapa nitakugombeza. Daktari alikuambia miaka ile urudi muongee kabla ya kutafuta mtoto. Uliogopa jibu ambalo hukuwahi kulisikia. Alhamisi umelisikia: ziko dawa za ugonjwa huu huu ambazo mwanamke anaweza kuzitumia akitafuta mtoto, akiwa mjamzito, na akinyonyesha, daktari akimpangia. Angekubadilishia tembe, ungengoja miezi kadhaa, na ungekuwa na mtoto na mikono. Hakuna daktari wa kweli aliyewahi kukutaka uchague. Waliokuchagulia ni foleni, na kimya cha mama mkwe, na mtu mwenye koti jeupe juu ya duka la dawa za mifugo.

Na daktari alikueleza jambo la pili, ambalo uliniambia huku ukilia. Wanawake wengi wenye ugonjwa huu hupata nafuu wakiwa na mimba, halafu ugonjwa hurudi kwa nguvu wiki chache baada ya kujifungua. Si taa iliyolegeza vidole vyako siku ile ulipovifumbua mbele ya kanisa. Ni mtoto aliyekuwa tumboni.

Wasomaji wangu wenye magoti na mabega, msinielewe vibaya. Mwanga wa leza wenyewe si uchawi wala si utapeli kila mahali. Wako watu waliosomea mazoezi ya viungo wanaoutumia kupunguza maumivu, na wagonjwa wengine huona nafuu kidogo. Lakini anayeutumia kwa haki hakuambii utupe dawa. Ukimsikia mtu anasema "chagua moja," shika mkoba wako uondoke. Na hizi dawa za kupunguza uvimbe zinazomezwa kila siku kwa muda mrefu, zile zinazofurisha uso, mwili huzizoea mpaka unasahau kujitengenezea homoni yake kama hizo. Zikikatwa ghafla mtu anaweza kuishiwa nguvu, akatapika, akaanguka, akafa ndani ya siku chache. Hupunguzwa polepole na daktari. Kama uliziacha na unajisikia vibaya, funga gazeti hili uende hospitali sasa.

Nirudi kwako. Vidole viwili vya mkono wa kulia na kile kifundo havitanyooka tena, daktari amesema hivyo na sitaki kukutia matumaini asiyokupa yeye. Vingine vinaweza kuokolewa. Umepewa dawa ya mama anayenyonyesha. Meza. Rudi tarehe uliyoandikiwa, hata foleni ifike barabarani.

Uliniuliza kama wewe ndiye uliyemuua Nangila, na ukanitaka nisikufiche. Hukujua kwamba kuacha vile vidonge kunaua. Gicheru, aliyejiita daktari na kumpokea kwenye kliniki yake, alipaswa kujua, na mzigo mkubwa ni wake. Lakini ulijua taa haifanyi kazi. Mwanamke aliyekupokea Misikhu ulipokuwa mgeni alikuja akakuuliza swali moja, akalirudia ili usikose kulielewa, na ukamdanganya huku mikono inakuuma. Hiyo sehemu ni yako. Sitaikata wala sitaiongeza.

Ijumaa ulienda kwa Joan. Hilo sikukusukuma, ulienda mwenyewe, na kwa hilo nakuheshimu. Ulimwambia yote ukiwa umesimama uani kwa sababu hakukukaribisha kuketi. Aliuliza, "Alipokuita dirishani akakwambia ametupa dawa, ulisema nini?" Ukamjibu ulicheka naye. Joan akasema, "Mama alitapika siku nne, anti. Nikampa dawa ya malaria. Siku nne nilikuwa nampa dawa ya malaria." Akaingia ndani, akafunga mlango. Hukupata msamaha. Usirudi kuuomba. Mtu aliyefiwa hivyo hana deni la kukutuliza moyo. Ulimpa ukweli, ambao ni haki yake, na sasa atajua amwambie nini yule daktari, na aandike nini akienda kushtaki.

Jumamosi ulikataa kupanda pikapu. Sifuna alikuomba, akakasirika, akaomba tena, mwisho akaondoka peke yake. Na jana Jumapili ulinipigia kunieleza yaliyofuata. Hawakukuhitaji. Walicheza ile sauti ya kanisani kutwa nzima, na watu kumi na mmoja wa Kapsokwony wakaandika majina. Sifuna alikuambia idadi hiyo mezani, wakati wa chakula, kama habari njema. Mama mkwe akasimama akamwondolea Sifuna sahani yake.

Kwa hiyo, mwanangu, kazi bado, na huna muda wa kujilaumu vizuri.

Leo Jumatatu nenda na mama mkwe kwenye ofisi ya afya ya kaunti mjini Bungoma. Chukua kadi yako ya hospitali, karatasi yenye picha ya goti, na simu iliyo na ile rekodi. Waambie jina la kliniki, iko wapi, nani anajiita daktari, na nani amekufa. Usimalize kwa kuwaambia wewe ni mama wa watu usiyetaka makuu. Mwombe ofisa aandike, na usiondoke kabla hujaona ameandika. Kwa kuwa kliniki yenyewe iko Kitale, waulize ni ofisi gani ya huko inayohusika, upate jina la mtu.

Sifuna mwambie kabla hujaondoka nyumbani. Usimnyemelee. Mwambie unaenda kusema nini, na kwamba mlango wa yeye kuja nawe uko wazi. Alifanya haya akitafuta mtoto, na hilo nalijua, nawe unalijua. Lakini mtu aliyewaza kumfunga mtoto kifuani kwa mama asiyeweza kumshika, ili wagonjwa wasijue, hawezi kuendelea kusema hakujua. Akija na wewe akasema aliyoyaona ndani ya kliniki ile, kesi yake itakuwa nyepesi. Akikataa, atajibu mwenyewe. Na kama atakuinulia mkono au sauti, uende kwa mama mkwe, maana sasa nimeona yuko upande gani.

Kuhusu mtoto: usimuoshe peke yako tena. Mwambie mama mkwe habari ya beseni leo leo. Itakuuma kuisema. Sema.

Kanisani, zungumza na mchungaji kabla ya Jumapili ijayo, umwombe dakika tatu. Useme ulikosea, useme ni kwa nini vidole vilikuwa laini siku ile, na umwambie kila aliyeacha dawa kwa sababu yako arudi hospitali. Watakaocheka waache wacheke.

Na wale kumi na mmoja. Kikao chao cha kwanza ni Alhamisi, na wengine wao huenda asubuhi hii tayari wamezitupa dawa ili wawe wasafi mbele ya taa. Usingoje ofisi ya kaunti. Kesho panda boda boda mpaka Kapsokwony, mama mkwe akibaki na Wakoli, na kama maziwa yatakusumbua mchukueni mwende wote. Nenda kwa chifu, mwombe akusaidie kuwapata. Hutakuwa na spika. Utagonga mlango mmoja mmoja, na kila mlango ukifunguka utaonyesha mikono, utasema jina la Nangila na siku tisa alizoishi baada ya kutupa dawa, na utawauliza dawa zao ziko wapi. Wengine watakufukuza. Mmoja atakuambia ulikuwa ukisema kinyume Jumamosi, na itabidi umeze hilo uendelee kwa mwenzake.

Msamaha wa Joan unaweza kuja, unaweza usije, na huo si wako kuupanga. Kazi yako ni kufika mlimani kabla ya Alhamisi.

Shangazi Lenah